Shangazi, Zipu na Inchi ya Kukulia

Shangazi yangu ameshona sare za shule kwa zaidi ya miaka arobaini, na katika miaka yote hiyo hakuna mtoto hata mmoja aliyetoka dukani kwake na shati lililomtosha. Wala halikuwa kosa, ndiyo sifa iliyomletea wateja. Alimpima mtoto kifua, akasoma tepu kwa sauti ili mzazi asikie, kisha akaongeza inchi mbili "za kukulia". Mikono ya shati ilifika kwenye kucha. Kaptula zilipita magoti zikawa zinaelekea kwenye vifundo vya miguu. Wazazi walishukuru, watoto walitembea kama mahema yaliyoota miguu, na baada ya mwaka mmoja na nusu ilifika siku sare ikakaa sawasawa mwilini, ikakaa hivyo wiki mbili tatu, halafu ikaanza kubana.

Hata gauni langu la harusi alilishona yeye, na kiunoni akaniachia nafasi ya kukulia. Nafasi hiyo ipo mpaka leo. Mimi na yeye hatuizungumzii.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye Baba aliyemwachia nyoka.

Baba ni mdogo wake wa pekee, mwalimu wa baiolojia aliyestaafu bila kukubali kwamba amestaafu. Mwaka jana alipangiwa kuwekewa goti jipya katika hospitali ya mji mwingine, akae huko wiki sita, Mama akiwa naye, mpaka ajifunze kutembea upya. Nyumbani alikuwa na nyoka wa mahindi wa miezi mitano, mwembamba kama penseli, mwekundu wa rangi ya tofali lililolowa, mwenye madoa mgongoni toka shingoni mpaka mkiani. Aina hiyo haina sumu na haina hasira. Baba alikuwa na kibali cha kumfuga, na kibali chenyewe alikitia kwenye fremu, heshima ambayo cheti chake cha ndoa hakijawahi kuipata.

Nani abaki na nyoka? Mimi nilijitetea kwamba nyumba yangu ina baridi, jambo ambalo ni kweli ukiwa na nia ya kulitafuta. Majirani walikataa kabla hawajamaliza kusikia. Baba akasema hakuna haja ya kuhangaika, anamtaka mtu anayejua kupima, na akambeba nyoka katika sanduku lake la kioo hadi dukani kwa dada yake.

Shangazi alimtazama yule mnyama akipanda ukuta wa kioo, akateleza, akapanda tena. Baba akataja jina lake la kisayansi, refu kuliko nyoka mwenyewe. Shangazi akasema jina hilo halishoneki. Akamwita Zipu.

Karatasi ya maelekezo ilikuwa ya mwandiko wa ubaoni, mistari imenyooka. Zipu ale panya mmoja kila baada ya siku sita au saba. Panya asiwe hai, maana panya hai hung'ata. Asiwe wa kunaswa mtaani, maana huenda amekula sumu au ana minyoo. Anunuliwe akiwa amegandishwa, ayeyushwe katika maji ya vuguvugu, atolewe kwa kibano. Baada ya kula, nyoka asishikwe siku mbili. Na chini kabisa, agizo lililopigiwa mistari miwili: unene wa panya ulingane na unene wa Zipu pale penye tumbo nene. Nyuma ya karatasi palikuwa na anwani ya muuza panya.

Kabla ya kwenda huko, Shangazi alimpima Zipu. Nilikuwepo. Alimwacha ajizungushe kwenye kiganja chake cha kushoto, akampitishia tepu kama anavyowapitishia watoto wa darasa la kwanza, huku akimwambia simama wima. Kisha akafungua daftari la wateja, ukurasa mpya, akajaza. Kifua: inchi moja na nusu. Kiuno: inchi moja na nusu. Mabega: hana. Urefu: kumi na tisa, hatulii.

Muuza panya aliishi nyuma ya duka la dawa za mifugo. Mtaa mzima ulimwita Mzee wa Panya. Kwa miaka mingi alikuwa akiosha vizimba katika maabara, na alipostaafu aliondoka na kitu kimoja tu alichokipenda huko, yaani panya weupe. Aliwafuga katika masanduku ya plastiki yaliyojazwa maranda ya mbao, kila sanduku na tarehe yake. Wa kuuzwa walikuwa kwenye friza, wamepangwa kwa umri: vichanga wasio na manyoya, pinki kama ufizi; wa wiki moja wenye vinyweleo; wa wiki mbili ambao macho yamefunguka na wameanza kuruka; halafu wakubwa.

Shangazi alimsalimia kwa adabu, akatoa tepu shingoni, akamwomba awapange mezani awapime. Mzee alisema amewahi kuombwa punguzo, amewahi kuombwa wale wenye sura nzuri, lakini hilo ni la kwanza. Akawapanga. Mmoja mmoja akapitishiwa tepu katikati. Kichanga kilikuwa inchi moja na nusu kamili.

"Huyu anamtosha," Shangazi alisema, kwa sauti ambayo wengine huitumia kusema huyu ana homa.

"Si ndivyo inavyotakiwa, Mama Fundi?"

"Anamtosha leo. Wiki ijayo je?"

"Wiki ijayo utakuja kuchukua mwingine."

Shangazi alikuwa ameshahamia upande wa pili wa meza. Alimshika yule wa wiki mbili, mzunguko inchi mbili na nusu, akamgeuza, akamkagua kama anavyokagua kola. Inchi moja tu ya kukulia. Kwa mtoto wa watu angeongeza mbili, kwa hiyo alijiona amejizuia sana.

"Huyo ni wa nyoka mkubwa," Mzee akasema.

"Atakuwa," Shangazi akajibu, akafungasha.

Jioni ile alimyeyusha panya katika kikombe kilichopasuka mdomo, akamkausha kwa kipande cha kitambaa cha sketi, akamshika kwa kibano kirefu anachotumia kupitisha nyuzi kwenye mashine ya ovaloki. Zipu alimwona. Alitulia, ulimi nje, ndani, nje. Halafu akaruka, akamdaka kichwa, akajiviringisha. Kumeza kulimchukua zaidi ya nusu saa. Taya zilifunguka pande ambazo taya hazina ruhusa ya kufunguka. Shangazi alikuwa amepiga magoti mbele ya kioo akimhimiza kwa sauti ya chini, kidogo tena, mwanangu, mabega yamepita, yaliyobaki ni mteremko. Mkia ulipoingia alipiga makofi bila kugusanisha viganja vizuri, ili asimshtue. Zipu alibaki kama soksi iliyofichwa kitunguu.

Alimpigia Baba pale pale. Amekula, amekula vizuri sana. Baba akauliza panya wa ukubwa gani. "Wa kumfaa," Shangazi akasema, nami nikapata haja ya ghafla ya kutazama dari.

Siku mbili zilizofuata duka lilikuwa kama nyumba iliyopata mjukuu. Kila mteja alipelekwa nyuma akaonyeshwa tumbo. Mama mmoja aliyeleta watoto watatu kupimwa sare aliingia akiwa na wasiwasi, akatoka akiulizia nyoka huyo hunyonyeshwa mpaka umri gani. Shangazi alimjibu kwa uhakika kabisa jambo ambalo hakulijua.

Siku ya tatu asubuhi alisikia harufu. Mwanzo alilaumu jora jipya la kitambaa, akalitoa nje lipigwe na upepo. Harufu ikabaki. Alipofunua sanduku alimkuta yule panya kwenye kona, mzima, amelowa, amegeuka rangi, karibu namba ile ile ya tepu aliyoingia nayo. Zipu alikuwa kona nyingine, mwembamba kuliko alivyokuja, amejikunja kuwa kitu kidogo sana.

Alinipigia simu. Hakusalimia. Alisema neno moja tu: "Kifaranga."

Nikajua. Ukoo mzima unakijua kifaranga hicho. Shangazi alikuwa na miaka tisa na Baba sita. Baba alikuwa na kifaranga chake cha manjano, alipelekwa kwa bibi yao wiki moja, akamwachia dada yake akitunze. Dada akataka mdogo wake arudi akute kuku. Akakilisha uji asubuhi, mchana, jioni, na katikati ya hizo. Siku ya nne kifaranga kikafa. Tangu hapo, kwa miaka sitini, hapakuwa na harusi wala mahafali katika familia yetu ambapo Baba hakusimama na kukikumbuka kile kifaranga hadharani, watu wakacheka, na Shangazi akacheka nao huku akikunja pindo la kitambaa chake cha kichwa. Sasa mdogo wake alikuwa amemwachia mnyama mara ya pili tu maishani. Zilikuwa zimebaki wiki tano.

Tulikwenda wote kwa Mzee wa Panya. Hakufoka. Alieleza polepole, kama mtu aliyezoea kusema mbele ya vitu vinavyolala. Mlo ulizidi unene, tumbo likashindwa, likarudisha, na kurudisha kunaunguza koo. Nyoka mchanga akirudisha mara mbili tatu hukata tamaa. Kwa hiyo siku kumi asipewe chochote ila maji. Upande mmoja wa sanduku uwe na joto, mwingine usiwe nalo, achague mwenyewe. Asishikwe. Asisumbuliwe. Baada ya hapo kichanga kidogo kuliko yeye.

"Siku kumi?" Shangazi akauliza. "Na mwili ule?"

"Mwache tumbo lisahau, Mama Fundi."

Sijapata kumwona mtu akiteseka kwa kutofanya kitu kama alivyoteseka yeye. Aliweka maji, akayabadilisha, akayabadilisha tena. Alimshonea sanduku kifuniko cha kitambaa cha buluu ili Zipu apate faragha, na kifuniko hicho kilifunika sanduku, meza, na robo tatu ya kiti cha jirani. Alipitisha siku nzima akijizuia asiinue pembe ya kitambaa, kisha akaniita niiinue mimi. Kila nikiinua alikuwa ameangalia kwingine, ananiuliza ana rangi gani.

Na Baba alipiga simu kila siku ya pili. Mgeni hajambo? Hajambo, amelala. Kesho kutwa yake: amelala. Tena: ndiyo kwanza amelala.

"Dada, nyoka gani huyo analala kila nikipiga?"

"Nawe kila ukipiga ni saa mbaya," Shangazi akamjibu, na alipokata simu aliketi juu ya mafungu ya kaptula zisizo na mifuko. Alikuwa ameshapanga maneno ya kumwambia. Yote yalianza na samahani na hakuna hata moja lililofika mwisho.

Siku ya kumi na moja akaenda kwa Mzee na tepu yake. Alipima vichanga sita. Akachagua cha inchi moja na robo, pungufu ya Zipu kwa robo nzima. Katika maisha yake hajawahi kumkatia mtu kitu kilichopungua kipimo, na aliniambia alijiona kama anaiba. Akaomba apewe viwili. Mzee akatoa kimoja.

"Na kama atabaki na njaa?"

"Atabaki na njaa," Mzee akakubali. "Nyoka mwenye njaa yuko hai."

Jioni Shangazi alikiyeyusha, akakikausha, akakishika kwa kibano. Zipu hakutazama. Akakitikisa kidogo. Zipu akageuza kichwa upande mwingine kama mtoto anayeonyeshwa dawa. Mkono ulichoka, nikampokea, wangu ukachoka, akanipokea. Alimwambia Zipu mambo mengi, mengine hayakuwa ya nyoka. Alimwambia yeye ndivyo alivyo, hawezi kuona kitu kidogo akakiacha kidogo, lakini amejifunza. Kisha akaniambia, bila kunitazama, kwamba Baba atacheka tu, na kwamba hiyo ndiyo itakuwa mbaya zaidi.

Nikakumbuka Mzee alisema kwamba akikataa kibano, awekwe pamoja na kichanga katika kopo dogo lenye matundu, afunikwe, aachwe. Tukafanya hivyo. Tukaweka kopo juu ya kabati, tukalitupia kile kifuniko cha buluu, ambacho hatimaye kilipata kitu cha kufunika mara nne. Shangazi akarudi kwenye mashine. Alishona mikono minne ya mashati kwa kasi ya ajabu, na tulipoiangalia baadaye yote minne ilikuwa ya kushoto.

Alipofunua kopo hapakuwa na kichanga.

Hakuamini. Alitikisa kifuniko, akakagua mikunjo, akatazama sakafuni, akanitazama mimi. Halafu akasogeza taa. Katikati ya Zipu palikuwa na uvimbe mdogo sana, kama kifungo kilichosahaulika ndani ya mshono. Shangazi alianza kucheka kabla hajajua anacheka. Alinishika mikono, na wanawake wawili, mmoja wa miaka sabini na miwili na mwingine asiyecheza hata kwenye harusi, tukazunguka kati ya mashine tatu huku tukinyamazishana ili tumbo la watu lisishtuke. Mchonga funguo wa banda la nje alichungulia mlangoni, akatuona, akaurudisha mlango taratibu.

Lakini bado. Mara ya kwanza pia alikula. Tukahesabu siku moja, mbili. Ya tatu Shangazi alifungua duka akiwa amebana pua tayari. Hakuna harufu. Siku ya tano nilikuwa kazini katikati ya kikao, mkuu wangu anasoma ripoti, simu ikalia mara tatu mfululizo nikaogopa ni Baba na goti lake. Nikapokea kwa kunong'ona.

"Amekunya," Shangazi akasema, na sauti yake ilijaa chumba kizima cha mkutano. "Kinyesi kizuri kabisa, mwanangu. Kidogo, kimekamilika."

Mkuu wangu akaweka ripoti chini. Nilimwambia ni habari za familia, ambazo ndizo zilikuwa.

Kuanzia hapo Zipu alikula kichanga kila siku ya saba. Kila safari Shangazi alimpima yeye kwanza, akafuata tepu, akaondoka na kile tepu ilichosema. Mzee wa Panya alianza kumtengea meza.

Baba alirudi wiki ya sita akiwa na mkongojo mmoja, akaja dukani kabla hajafika kwake. Alimtoa Zipu, akamweka kwenye bakuli juu ya mzani wa jikoni, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Amekua, akasema. Si sana, lakini amekua vizuri. Pale ndipo Shangazi angeweza kunyamaza. Nilimwona akifikiria. Alikuwa amesimama na tepu shingoni, amezishika ncha zake mbili kama mtu anayening'inia.

"Nilimpa mkubwa," akasema. "Akatapika. Kosa langu, si la mzee wa watu, yeye aliniambia. Nilimwongezea inchi. Zile siku zote nilizosema amelala, alikuwa amefunga."

Mimi nilisubiri kifaranga. Nilikuwa na hakika kitatoka, na kitatolewa mpaka kwenye mazishi ya sisi sote. Baba alimrudisha Zipu kwenye sanduku, akafunika, akakaa kwa shida, mguu mpya umenyooka mbele yake.

"Dada," akasema, "kile kifaranga kilikuwa kinaumwa."

Shangazi akaziachia ncha za tepu.

"Kabla sijaondoka. Kilikuwa kimeshaanza kusinzia. Nilijua kitakufa, sikutaka kife mkononi mwangu. Ndiyo nikakuachia." Akasugua goti. "Nilikuwa na miaka sita. Halafu watu wakacheka, nikaona inapendeza, nikaendelea."

"Miaka sitini," Shangazi akasema.

"Na mitatu."

Aliitoa tepu shingoni akamchapa nayo begani, mara moja, mara mbili, bila nguvu, na ya tatu haikufika kwa sababu alikuwa amekaa chini kwenye vipande vya vitambaa, anacheka mpaka machozi, na Baba anacheka juu yake, na mkongojo ukaanguka ukaangusha sanduku la vifungo, na hakuna aliyejali. Alipopata pumzi akainua uso.

"Na huyu? Huyu naye ulinipa mgonjwa?"

"Huyu alikuwa mzima kabisa," Baba akasema. "Ndiyo maana nilikupa."

Shangazi alinyanyuka, akajipangusa, akasema basi asimame apimwe, maana suruali zake za zamani haziwezi kupita juu ya goti jipya. Akampima kiuno, nyonga, goti, urefu. Akasoma kwa sauti, akaandika, na safari hii hakuongeza neno. Baba akanitazama akishangaa.

Suruali ilikuwa tayari baada ya siku nne, nami ndiye niliyempelekea. Ilimkaa sawasawa, kiunoni, gotini, kote, na alitembea nayo sebuleni kama bwana harusi. Mama akasema haijapata kutokea. Mimi nilipiga magoti kumwondolea uzi uliobaki mguuni, nikageuza pindo. Ndani, zimekunjwa kwa siri na kushonwa kwa mkono, palikuwa na inchi mbili za kukulia.

Nikalirudisha pindo kama lilivyokuwa.